Jicho la Anayelisha

Chatu niliyemlisha mpaka akafa aliitwa Nekesa.

Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba nafanya kazi na nyoka Kitale, swali la kwanza huwa ni lile lile: huogopi kuumwa? La pili: huwa wanakula nini? Hakuna aliyewahi kuniuliza kama wana afya. Kwa wengi wetu nyoka yuko hai ama ameuawa, basi. Hali ya katikati hatuijui. Hata mimi sikuijua, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa banda.

Mimi ni wa Bungoma, Mbukusu, na hilo peke yake ni kichekesho. Sisi ni watu wa Mango. Kama hukukulia kwetu, hadithi kwa ufupi ni hii: zamani palikuwa na joka lililomaliza watu na mifugo. Mango akaingia kwenye pango lake likiwa limetoka kuwinda, akalisubiri ndani, na liliporudi akalikata kichwa. Kwa ushujaa huo akatahiriwa, na wanaume wetu wanamfuata mpaka leo, kila Agosti ya mwaka wa shufwa. Baba yangu hupenda kusema, "Sisi tuliua nyoka mmoja tu, na bado tunalipa." Kwa hiyo siku niliyompigia simu kumwambia nimepata kazi ya kulisha nyoka, alinyamaza kidogo, halafu akauliza neno moja.

"Kulisha?"

Nyoka niliwapendea shule ya msingi, safari ya darasa kwenda Makumbusho ya Kitale. Mahali pale palianza na mlowezi mmoja, Kanali Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege na vitu vya kila aina na kufungua makumbusho yake mwenyewe mwaka 1926. Alipofariki mkusanyo ukabaki mikononi mwa taifa, na jengo la sasa likafunguliwa 1974. Sisi hatukujali Kanali. Tulikimbia moja kwa moja kwa nyoka. Wenzangu wakapiga kelele, mwalimu akapiga kelele kuwanyamazisha. Mimi nikasimama mbele ya chatu na kugundua kwamba anapumua. Ubavu ulikuwa unapanda na kushuka polepole kama wa mtoto aliyelala. Sijui kwa nini hilo lilinishangaza. Labda nilikuwa nimefundishwa kwamba nyoka ni kamba yenye sumu.

Miaka mingi baadaye, na diploma ya utalii isiyokuwa na kazi, rafiki akaniambia kuna mahali nje ya mji wa Kitale wanatafuta mtu. Ni pahali padogo: mabanda machache ya nyoka, kobe, viti vya plastiki, soda na chipsi. Wana kibali cha KWS, kwa sababu Kenya huwezi tu kuamka ukaamua kufuga nyoka sebuleni. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema lazima uwe na kibali. Mwenye mahali tulimwita Mzee. Mzee aliniuliza kama naogopa. Nikasema naogopa kukosa rent. Nikaanza Jumatatu.

Nekesa aliletwa Novemba 2021. Wakataji miwa upande wa Bungoma walimkuta shambani, na mmoja akawahi kumpiga panga mgongoni kabla wenzake hawajamzuia. Maafisa wa KWS wakamleta kwetu apone. Alikuwa amekuja na mavuno, na ni mtu wa nyumbani, kwa hiyo nikampa jina ambalo mtoto wa kike wa mavuno hupewa kwetu. Mzee alicheka. "Sasa mmekuwa wawili kutoka Bungoma. Nani atamchunga mwenzake?"

Alikuwa mwembamba. Hilo hata mtoto angeliona. Urefu wake ulikuwa mita mbili na nusu hivi, lakini tulipomtia kwenye gunia na kumning'iniza kwenye mizani ya kupimia mahindi, akatoa kilo 7. Daktari wa mifugo alikuja jioni ile, mama mmoja mwenye gambuti ambaye siku nyingi hushinda akizalisha ng'ombe wa watu. Alisafisha kidonda, akadunga sindano, halafu akaniita.

"Kuja hapa. Huyu unamwangalia wapi?"

Nikasema usoni.

"Nyoka hana mashavu, dada. Weka mkono."

Akaushika mkono wangu na kuupitisha mgongoni mwa Nekesa, taratibu, kutoka katikati kwenda mkiani. Nilihisi uti wa mgongo kama kamba ya kuanikia nguo. Pande zote mbili ngozi iliteremka moja kwa moja.

"Hilo ni paa la nyumba," daktari akasema. "Chatu hafai kuwa paa. Chatu anafaa kuwa mkate." Alimaanisha mkate wa dukani, ule wa kukatwa slesi: chini bapa, juu mviringo, mabega yamejaa. Nyama za pande mbili za uti wa mgongo zikiwa zimejaa, uti unausikia ukibonyeza kidogo, lakini hauchomozi. Zikiisha, mgongo unakuwa paa, ngozi inajikunja anapogeuka, mbavu zinaanza kuhesabika, na kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili.

"Na akipita mkate?" nikauliza.

"Ukifika huko utaniita," akasema. Sikumwita.

Kupona kwa Nekesa ni kitu kizuri zaidi nilichowahi kukifanya kwa mikono yangu. Mwanzoni alikataa kula wiki tatu. Usiku mmoja nikamwachia kifaranga aliyekwisha kufa, asubuhi sikukiona. Baada ya hapo akawa anakula kuku mdogo, kisha kuku mzima, kisha sungura. Kila mwezi tulimpima. Kilo 8. Kilo 9 na nusu. Kilo 11. Nilikuwa na daftari la shule, lile la jalada la samawati, naandika tarehe, uzito, alichokula, kama amejivua gamba. Kidonda kikafunga na kuacha mstari mweupe. Kufikia katikati ya 2022 mgongo wake ulikuwa mkate kamili. Nilimtumia Baba picha kwenye WhatsApp. Akajibu: "Huyu sasa amenona. Mango angemwogopa."

Hapo ndipo nilipofaa kuacha.

Lakini kulikuwa na Jumapili. Watu wa Kitale wakitoka kanisani hutafuta pa kupeleka watoto, na Mzee aligundua kwamba watoto hawalipi kuona chatu amelala. Wanalipa kuona chatu anakula. Akaweka bango: Jumapili saa nane, chatu anakula. Viti vikajaa. Chipsi zikauzika. Na Nekesa hakukataa. Chatu porini hajui mlo ujao utakuja lini, kwa hiyo mlo ukija mbele yake anaumeza. Mwili wake umeumbwa kwa njaa ndefu, si kwa ratiba.

Nataka kumlaumu Mzee, lakini mimi ndiye niliyekuwa nambeba yule kuku. Na ukweli ni kwamba nilipenda. Nimelelewa na mama ambaye mgeni akiingia, hata kabla hajaketi, kuku mmoja ameshaanza kukimbizwa uani. Kwetu hakuna mtu anayekuuliza kama una njaa. Unaulizwa ugali uongezwe ama vipi, na jibu lako halijalishi. Mtu akikwambia "umenona" amekubariki. Akikwambia "umepungua" sauti hushuka, na nyuma ya hapo kuna swali ambalo hataliuliza. Nilikuwa naenda nyumbani Krismasi, mashangazi wananishika mkono wa juu, wananipima kwa vidole kama mbuzi wa sokoni, wanasema Kitale imenikubali. Nilikuwa nampa Nekesa kile nilichokijua kuwa upendo.

Daftari nalo likakoma. Nikiliangalia leo, tarehe ya mwisho ya kupima ni Septemba 2022. Kilo 14. Baada ya hapo ni kurasa tupu. Alikuwa mkubwa, gunia likawa shida, na isitoshe, kwa nini umpime mnyama ambaye unamwona kwa macho kwamba anakula vizuri?

Macho yangu yaliona nini? Yaliona chatu mnene, anayeng'aa, ambaye watu wanampiga picha. Leo nikizitazama picha zile zile naona vitu vingine. Naona ngozi kati ya gamba na gamba imetanuka hata siku ambazo hajala. Naona kichwa kimekuwa kidogo juu ya shingo nene. Naona uti wa mgongo haupo juu tena bali umezama, na pande mbili zimeinuka, kama barabara ya murram ambayo malori yameipitia mpaka katikati pakawa mtaro. Naona akijikunja, ubavu unajikunja mikunjo minene kama ya mtoto mchanga kwenye paja, na karibu na mkia kuna uvimbe laini ambao niliudhani ni mayai. Vyote vilikuwa pale. Nilikuwa nimesimama kando yake, nikitabasamu kwa kamera.

Julai 2023 baridi ilikuwa kali. Kitale iko juu, karibu mita 1,900, na usiku wa Julai nyuzi hushuka chini ya 15. Chatu hana joto lake mwenyewe la kutosha kusaga chakula, lazima aliazime nje. Banda lilikuwa na taa ya joto, lakini wiki ile umeme ulikatika mara kwa mara. Jumapili Nekesa akala kama kawaida, watu wakapiga makofi. Jumanne nikakuta ametapika sungura karibu mzima. Harufu ile bado naisikia. Nikafikiri, maskini, sasa tumbo ni tupu, ana njaa. Alhamisi nikampa kuku.

Alikufa Jumamosi usiku.

Tukawaarifu KWS, na daktari akaja kumpasua kujua chanzo. Niliomba nisaidie. Sijui kama ilikuwa toba ama kiburi. Tulimpima kwanza: kilo 23. Daktari alipofungua, sehemu yote ya nyuma ya mwili ilikuwa imejaa mafuta, vipande virefu vya manjano vimepangana kama maembe kwenye sanduku. Alisema hapo ndipo nyoka huweka akiba yake, ndani, si chini ya ngozi kama sisi, ndiyo maana ukianza kuyaona nje ujue ndani yamekwisha kujaa. Ini lilikuwa limepauka, rangi ya chai ya maziwa mengi. Halikuwa na rangi ya ini.

Daktari hakunigombeza. Angenigombeza ningelia na kumaliza. Aliosha mikono, akaniuliza kama najua chatu akila mwili wake unafanya nini. Nikasema unasaga. Akasema wanasayansi walipima chatu wa Burma wakakuta kwamba baada ya mlo mkubwa, moyo wenyewe hukua, karibu asilimia 40 ndani ya siku mbili tatu, kisha kazi ikiisha unarudi ulivyokuwa. Utumbo hivyo hivyo. Kila mlo ni kama kujenga kiwanda, kukiendesha na kukibomoa. "Wewe ulikuwa unamjengea kiwanda kila Jumapili," akasema. "Hukumpa siku ya kupumzika."

Halafu akasema jambo ambalo nimelirudia kwa watu mpaka wamechoka: "Anayelisha si shahidi mzuri. Mwulize mizani."

Nilikaa wiki mbili Bungoma bila kumwambia mtu kwa nini. Niliporudi nilikuwa na masharti, na mimi na Mzee tukakosana kweli kweli. Nilitaka bango liondolewe. Akaniuliza nani atalipa umeme wa hiyo taa ya joto, na nani atanilipa mimi. Ni swali la haki. Mnyama wa kufugwa analishwa na mtu ambaye naye anataka kula. Karibu niache kazi. Kilichonizuia ni kwamba kulikuwa na nyoka wengine sita mle ndani, na mimi ndiye niliyekuwa nimejifunza kwa gharama ya wa saba.

Kwa hiyo nikaanza upya na mkono. Nilijifunza kwanza kwamba mkate ni wa chatu, si wa kila nyoka. Bafe, yule mzito mvivu wa njiani, kaumbwa mnene. Ukimwona bafe mwembamba kama fimbo huyo anaumwa. Nyoka wa kijani wa mitini kaumbwa kama ukambaa. Ukimlisha mpaka awe mkate umemharibu. Yule mdogo wa kahawia anayeingia majumbani kula panya, ambaye watu humuua bure kwani hana sumu ya kumdhuru mtu, yuko katikati. Kila mmoja ana afya ya umbo lake, na usipoijua aina utamhukumu kwa umbo la jirani.

Nilijifunza pia kutoamini siku moja. Aliyekula jana ana uvimbe wa jana. Anayekaribia kujivua gamba macho yake huwa na rangi ya maziwa ya bluu, na akikataa chakula muache, hana njaa, ana kazi. Jike lenye mayai hujaa nusu ya nyuma. Ngozi iliyokunjamana huenda si njaa bali kiu: ibane kidogo, ikichelewa kurudi, angalia maji kwanza kabla ya kuku. Na anayetapika hajapungukiwa na chakula. Huenda amepungukiwa na joto. Hilo la mwisho niliandika kwa kalamu nyekundu.

Wafula aliletwa Aprili 2024, na mvua. Chatu dume, kijana, mita moja na nusu, ametolewa kwenye kisima cha watu. Nikamtia kwenye gunia siku ya kwanza. Nikamlisha kila baada ya wiki mbili, mlo usiozidi unene wake mwenyewe, na kila mwezi tukampima. Akawa mkate. Nikabaki hapo. Wageni walianza kulalamika: "Huyu mnamnyima chakula," "Yule mwingine alikuwa na afya, huyu amekonda." Mzee alinitazama kila mara waliposema hivyo. Sikumjibu. Niliwapa daftari.

Halafu Agosti ikafika, nikaenda nyumbani.

Ilikuwa mwaka wa kutahiri, na mtoto wa kaka yangu alikuwa akiingia. Ukipanda matatu Kitale mwezi huo, kuanzia Kiminini mpaka Kamukuywa unakutana na vijana wamepakwa unga na majivu, kengele mikononi, wanaenda kuwaalika wajomba. Kufika Kanduyi, masikio yalikuwa yamejaa. Nyumbani kulikuwa na watu wasiopungua mia, na kila mmoja alikuwa akimpima mwenzake kwa macho. Mimi nilikuwa nimepungua, nikaambiwa. Binamu alikuwa amenona, akapongezwa.

Baba alikuwa amevaa koti lake la sherehe. Nililiona koti kabla ya kumwona yeye. Mabega ya koti yalikuwa mahali pake, mabega ya Baba yalikuwa ndani zaidi.

"Baba, umepungua."

"Ni uzee. Na hizi shughuli."

"Anakula," Mama akadakia, kwa haraka. "Anakula kuliko zamani. Ninamwekea, anamaliza, anaomba tena."

Nilijua sauti ile. Ilikuwa sauti yangu mbele ya banda la Nekesa.

Usiku tulikaa nje karibu na moto, yeye kwenye kiti, mimi kwenye ngozi chini. Akainuka kwenda haja. Akarudi, akanywa maji kopo zima. Baada ya muda akainuka tena. Nikaanza kuhesabu, kama ninavyohesabu kwenye daftari. Mara ya nne aliporudi nikasimama, nikamwambia kuna kitu kwenye koti lake, nikampitisha mkono mgongoni. Taratibu, kutoka kwenye shingo kwenda chini. Uti wa mgongo ulikuwa kamba ya kuanikia nguo.

Sikusema kitu. Sherehe ya mtoto ni sherehe ya mtoto. Asubuhi kijana akasimama mbele ya watu bila kutikisika, tukashangilia, tukala. Siku iliyofuata nikamwambia Baba twende hospitali. Akasema yeye si mgonjwa, anakula. Nikamwambia, Baba, nilikuwa na mmoja Kitale aliyekuwa anakula.

Akanitazama muda mrefu. "Unanilinganisha na endemu?" Hilo ndilo neno letu la nyoka, na alilitamka kwa heshima zote za ukoo.

"Nakulinganisha na kosa langu," nikasema.

Tulipanda boda boda mpaka hospitalini. Wakamtoboa kidole, kile kimashine kikasoma 21. Muuguzi akakiangalia mara mbili, akaenda kumwita daktari. Sukari. Pengine alikuwa nayo kwa muda mrefu, wakasema. Alikuwa anakula kweli, Mama hakudanganya. Ila chakula kilikuwa kinapita mwilini bila kushika, na yeye anazidi kuisha mezani, mbele ya sahani, mbele ya watu wote tunaompenda.

Njiani kurudi Mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani sikuona?" Nikamwambia mimi pia sikuona. Alikuwa akizungumza juu ya Baba. Mimi sina uhakika nilikuwa nazungumza juu ya nani.

Baba alikuja Kitale Desemba, mara ya kwanza tangu nipate kazi. Sasa ni mtu wa vidonge asubuhi na jioni, wa ugali nusu na sukuma nyingi, na wa kulalamika juu ya yote hayo. Ilikuwa Jumapili. Mimi na Mzee tulikuwa tumefikia maelewano: saa nane ni kupima, si kulisha. Wageni wanakisia uzito kabla ya gunia kupanda kwenye mizani, na anayekaribia zaidi anapata soda. Watu hawakuja wengi kama zamani, lakini wanakuja, na watoto wanajua kutaja kilo. Wiki anayokula Wafula hapimwi, na tunaandika hivyo kwenye bango.

Nilimwambia Baba aweke mkono. Mwana wa Mango akasita. Watu wakaanza kucheka, mwanaume mmoja akapaza sauti, "Mzee, panga iko wapi?" Baba akakunja mkono wa shati, akamgusa Wafula katikati ya mgongo, kwanza kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja chote. Nikamwonyesha: usibonyeze, pitisha tu. Akapitisha mpaka karibu na mkia.

"Ni laini," akasema. Halafu, "Mfupa uko, lakini uko ndani."

"Hapo ndipo unafaa kuwa."

Akakisia kilo 6. Ilikuwa 5 na nusu. Akapewa soda, nikaichukua, nikampa mtoto aliyekuwa kando yake. Alikunja uso lakini hakubisha.

Jioni nikamsindikiza stejini. Kuna kijana hukaa pale na mizani ya sakafuni, shilingi kumi unajua kilo zako. Baba akasimama mbele yake, akauliza, "Na mimi je?" Akavua viatu. Akavua koti pia, akanipa nilishike. Nilikuwa na daftari kwenye begi, nikaandika tarehe na kilo kwenye ukurasa unaofuata wa Wafula. Kulinganisha na Agosti, alikuwa ameongeza kilo moja na nusu.

"Nimenona?" akauliza.

Nikampitishia mkono mgongoni kabla ya kumjibu.